Uzi: Ukimtibu Mpalestina bila kuuliza nani kamzuilia dawa, kazi umeifanya nusu

DawaNaHaki (mleta uzi):

Wakuu heshima kwenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auweke pembeni ausome akitulia.

Kwenye grupu moja la watu wa afya (manesi, matabibu, wafamasia, watu wa maabara, tumechanganyika humo) kumezuka mjadala kuhusu Gaza, mmoja akaandika kwamba kazi yetu sisi ni kutibu, Palestina ni siasa, wenye siasa zao wahangaike nayo. Wakamuunga mkono wengi tu. Mimi sikubaliani kabisa na nimeona nieleze hapa, kwa sababu ukimfuatilia mgonjwa wa Kipalestina kuanzia anapoanza kuumwa mpaka anapopona au anapokufa, kila hatua unakutana na mwenye bunduki ambaye ndo mwamuzi. Sasa utamhudumiaje huyo mgonjwa huku yule wa bunduki unajifanya humuoni?

Tuanze kabla ya Oktoba 2023 maana watu wengi wanadhani mambo yalianzia hapo. Gaza ni kilomita za mraba 365, watu zaidi ya milioni mbili, na imezingirwa na Israel tangu 2007. Matibabu ya mionzi kwa saratani hayapatikani ndani ya Gaza. Kwa hiyo mama mwenye saratani ya matiti akihitaji mionzi alikuwa anaandikiwa rufaa aende hospitali ya Augusta Victoria iliyoko Jerusalem Mashariki, sio mbali, ni safari ambayo kwa gari asubuhi hiyohiyo umefika. Ila alikuwa hawezi kwenda mpaka jeshi la Israel limpe kibali cha kupita Erez, mlango wa kutokea Gaza kuingia Israel. Chukulia mgonjwa wa Kigoma ana rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, daktari kashakubali, kitanda kipo, malipo yamefanyika, halafu faili lake linakaa kwa maafisa wa jeshi la nchi nyingine wao ndo waamue kama apite Dodoma au arudi nyumbani, na wasimpe jibu mpaka tarehe ya kliniki inapita, aanze upya. Ndo hivo hivo.

Shirika la Afya Duniani lilikuwa linahesabu hivo vibali. Mwaka 2017 maombi yaliyokubaliwa kwa wakati yalikuwa asilimia 54 tu, kiwango cha chini kuliko miaka yote tangu waanze kuhesabu 2008. Mwaka huohuo mashirika ya haki za binadamu yakaandika kwamba wagonjwa 54 walikufa baada ya kunyimwa au kucheleweshewa kibali, na 46 kati yao walikuwa wa saratani. Hakuna bomu lililowaua wale, ni karatasi. Na kuna watoto walikuwa wanaenda kwenye kemo na bibi zao au hata na mtu baki kwa sababu mama mzazi kanyimwa kibali.

Ukingo wa Magharibi, ile sehemu nyingine ya Wapalestina, nako usidhani kuna nafuu. Ambulansi ya Kipalestina ikimleta mgonjwa Jerusalem inafika kizuizini inasimama, mgonjwa anashushwa kwenye machela anahamishiwa ambulansi nyingine yenye namba za Israel, mvua au jua, awe na dripu awe na mshtuko wa moyo. Miaka ya intifada ya pili, uasi wa Wapalestina ulioanza 2000, kuna wanawake zaidi ya 60 walijifungulia vizuizini kwa sababu askari hawakuwapisha, na vichanga vingine vilifia palepale. Halafu ikaja korona, Israel ikaanza chanjo Desemba 2020 ikasifiwa dunia nzima kwa kasi, walowezi wa Kiisraeli wanaoishi kwenye vilima vya Ukingo wa Magharibi wakafuatwa wakachanjwa, kijiji cha Kipalestina kilicho bondeni chini yao hakuna kitu. Ardhi ileile, kirusi kilekile. Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 kifungu cha 56 unasema anayekalia nchi ya watu ana wajibu wa kulinda afya ya watu hao na kuzuia magonjwa ya mlipuko.

Ndo maana nasema huu ni ukoloni na nalitumia hilo neno nikijua uzito wake. Mkoloni anagawa nani aishi vizuri na nani aishi kwa ruhusa. Babu zetu kusini wanajua, vita ya Majimaji 1905 mpaka 1907 Wajerumani hawakuimaliza kwa risasi peke yake, walichoma mashamba na maghala ya chakula, na kuna kapteni wao, Wangenheim, aliandika wazi kwamba njaa ndo itakayowanyoosha watu. Agosti 2025 wataalamu wa kimataifa wa kupima njaa wakatangaza baa la njaa mkoa wa Gaza, huku malori ya chakula yapo nje ya mpaka. Mimi nikisoma ile tangazo nilikuwa nasoma habari ya Umatumbi na Ungoni.

Sasa kuhusu hii miaka ya karibuni sitaorodhesha kila kitu maana mtachoka na mimi nitashindwa kumaliza. Gaza ilikuwa na hospitali 36. Al-Shifa ambayo ndo kama Muhimbili yao, ipo tangu 1946, ilivamiwa Novemba 2023 na tena Machi 2024, walipoondoka tarehe 1 Aprili yamebaki magofu. Hospitali ya Urafiki wa Uturuki na Palestina, ya saratani pekee pale, ilifungwa Novemba 2023 kwa kukosa mafuta ya jenereta na Machi 2025 jeshi likailipua kabisa. Wahudumu wa afya waliouawa wamepita elfu moja. Dkt. Adnan al-Bursh, mkuu wa mifupa wa Al-Shifa, alikufa gerezani Ofer Aprili 2024. Dkt. Hussam Abu Safiya, mkurugenzi wa Kamal Adwan, aligoma kuwaacha wagonjwa, kijana wake akauawa, yeye akaendelea na kazi, 27 Desemba 2024 wakamchukua na muda wa kumshikilia ukawa unaongezwa bila mashitaka. Dkt. Mahmoud Abu Nujaila wa Madaktari Wasio na Mipaka alifuta ratiba ya upasuaji kwenye ubao wa Al-Awda akaandika kwamba watakaobaki mpaka mwisho ndo watasimulia, sisi tulifanya tulichoweza, mtukumbuke. Aliuawa Novemba 21, 2023 hospitalini humohumo.

Na 23 Machi 2025 kule Rafah, wahudumu 15, wa Hilali Nyekundu, wa zimamoto na uokoaji na mmoja wa UN, walipigwa risasi wakiwa kazini wakafukiwa na magari yao kwenye mchanga. Jeshi likasema magari yalikuwa hayana taa. Ikapatikana simu ya mmoja wao, Rifaat Radwan, alikuwa anarekodi, taa zinawaka, kila kitu kinaonekana.

Mtu wa afya akiyaona haya akasema "siasa" mimi namuuliza swali moja tu, zile chanjo tunazobeba kwenye vibebeo kupeleka vijijini, ni nani alikwambia chanjo inafika bila amani ya barabarani? Gaza mwaka 2022 chanjo ya polio ilikuwa asilimia 99. Vita ikavunja maji taka, ikavunja kliniki, Julai 2024 kirusi kikaonekana kwenye maji machafu, Agosti mtoto wa miezi kumi Deir al-Balah akapooza mguu, kesi ya kwanza baada ya miaka 25. Na bado manesi wa Gaza, wao wenyewe wanalala kwenye mahema, Septemba wakachanja watoto zaidi ya laki tano na nusu kwenye raundi ya kwanza kwa siku chache, vita vimesimama masaa tu eneo kwa eneo. Mimi nimefanya kampeni za chanjo, najua uchovu wake tukiwa na gari, na posho, na bila ndege juu ya kichwa. Kile walichofanya ni upinzani, natafuta jina lingine silioni.

Mwisho, mnaosema Tanzania haituhusu. Nchi hii ilikata uhusiano na Israel 1973 ikaipa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, ofisi Dar. Na kabla ya hapo, Mtwara palikuwa na hospitali ya FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, inaitwa Dkt. Américo Boavida, jina la daktari wa Angola aliyeuawa na mabomu ya Wareno 1968 akiwa na wapiganaji wa MPLA. Mazimbu Morogoro, ANC walikuwa na shule na hospitali yao iliyojengwa kwa mshikamano wa watu wa Uholanzi. Hao waliozijenga hawakusema tutibu majeruhi halafu Ureno na makaburu tuwaache waendelee. Dawa na msimamo vilienda pamoja. Nakaribisha hoja.

Mbagala Rangi3:

Mkuu umeandika vizuri nimesoma mpaka mwisho ila umeruka tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas wa Gaza walipoishambulia Israel. Vijana wetu wawili wa Kitanzania walienda kule kusomea kilimo kwa vitendo wakauawa siku ile, mmoja mwili umekuja kurudi Novemba 2025, miaka miwili familia inasubiri. Na hizo hospitali si walisema Hamas wanajificha humo? Sibishi naomba unijibu.

DawaNaHaki:

Swali halali mkuu. Wale vijana walikuwa watoto wetu, kuwaua ni uovu na kushikilia maiti ya mtu ni uovu, sina maneno ya kulainisha na sitaki kuyatafuta.

Kuhusu hospitali, sheria ipo. Hospitali inapoteza kinga ikitumika kumdhuru adui, na hata hapo ni baada ya onyo na muda wa kutosha kuwatoa waliomo, na mgonjwa aliyeko kitandani kinga yake haiendi popote. Tufanye hata kweli kuna mwenye silaha alipita korido. Novemba 2023 Al-Shifa palikuwa na watoto njiti, umeme umekata, kadhaa wakafa, WHO ikaja kuwatoa 31 waliobaki. Njiti wa gramu 1,500 ana kosa gani la kivita?

Mama Naila:

Mimi nipo wodi ya watoto wachanga. Ile picha ya wale njiti wamepangwa kitanda kimoja wamefunikwa foili na vitambaa vya kijani sijaweza kuisahau. Kwa wasiojua, njiti hawezi kutunza joto lake, ukimtoa kwenye mashine akapoa sukari inashuka, anaacha kupumua, kimya kimya tu, halii. Sisi umeme ukikatika kabla jenereta haijashika tunakimbia kuwaweka kifuani kwa mama zao, kangaruu. Wale wengine mama zao walikuwa hawajulikani walipo, wengine wamekufa. Nani angewaweka kifuani? Mimi mambo ya siasa sijui lakini hapo nilijua upande wangu.

Mtumishi wa Bonde:

Nawaheshimu wote lakini sisi wengine tumelelewa kwamba Israeli ni taifa la Mungu na atakayelibariki atabarikiwa. Naona uzi unatutaka tugeuke. Mnatuweka wapi sisi waamini?

Upendo_Kilosa:

Mtumishi shalom. Na mimi ni mwamini, Mwanglikana. Ngoja nikupe habari ya daktari mmoja, Swee Chai Ang, mzaliwa wa Penang, amekulia Singapore, daktari wa mifupa huko Uingereza, Mkristo aliyelelewa kuipenda Israel kama wewe na mimi. 1982 akasikia Beirut inapigwa mabomu, majeruhi wamejaa, akajitolea kwenda kama daktari tu. Akapangiwa hospitali inayoitwa Gaza, iliyoko hukohuko Beirut kwenye kambi za wakimbizi Wapalestina, Sabra na Shatila. Septemba wanamgambo wakaingia kambini huku jeshi la Israel limezunguka nje, wakaua watu kwa siku tatu, na yeye yupo chumba cha upasuaji anawapokea. Alipotoka akaona wale aliowatibu wamelala barabarani. Akaenda hadi Jerusalem kutoa ushahidi mbele ya tume ya Israel yenyewe, na baadaye yeye na wenzake wakaanzisha shirika la misaada ya tiba kwa Wapalestina, 1984, lipo mpaka leo. Ukristo wake hakuuacha.

Na jingine, hospitali ya Al-Ahli pale Gaza ni ya kanisa letu, ilianzishwa 1882 na CMS, wamisionari wa Kianglikana, haohao waliokuja Mombasa na Mpwapwa. Jumapili ya Matawi 2025 ilipigwa kombora, maabara na jengo la dharura vikaharibika, wagonjwa wakakimbizwa nje usiku. Nilikuwa natoka ibadani na tawi mkononi nikasoma hiyo habari. Sasa Mtumishi, tunambariki nani tukinyamaza?

Mtumishi wa Bonde:

Nimekusoma dada. Habari ya Al-Ahli kuwa ya kanisa sikuijua. Nipe muda niombee na nisome.

Mzee wa Masasi:

Vijana nimefurahi kuona mmeikumbuka Mtwara. Nilikuwa mdogo lakini majeruhi wa FRELIMO nawakumbuka, wanavushwa Ruvuma kwa mtumbwi usiku, wengine miguu imekatwa na mabomu ya ardhini, kijijini wanapewa uji na mihogo, wanapakiwa kwenye lori. Hakuna aliyeuliza ni siasa au ni tiba.

Nataka niongeze la Afrika Kusini maana ndo lenye somo kwa nyie watu wa afya. Steve Biko, mpinzani wa makaburu, alipigwa na polisi Septemba 1977. Madaktari wa serikali wawili, Lang na Tucker, walimuona. Mmoja akaandika haoni tatizo, mwingine akakubali asafirishwe uchi kwenye landrova kutoka Port Elizabeth mpaka Pretoria, zaidi ya kilomita 1,000, na jeraha la ubongo. Akafa tarehe 12. Baraza la madaktari likasema hakuna kosa, chama cha madaktari kikawatetea wenzao. Wale ndo waliosema sisi ni tiba hatufanyi siasa! Madaktari wenye roho wakajitoa, 1982 wakaunda chama chao NAMDA, wengine wakaenda mahakamani mpaka 1985 Tucker akafutwa kwenye rejista. Mwaka huohuo binti mdogo Dkt. Wendy Orr, mzungu, mwajiriwa wa serikali, akawashitaki polisi kwa sababu kila asubuhi alikuwa anaona mahabusu wenye majeraha ya kipigo na wakubwa zake wanamwambia asiandike. Nje nako wenzao wakakipinga chama cha madaktari wa makaburu kwenye shirikisho la dunia. Kilichowaumiza kilikuwa kile, kutengwa na wenzao wa taaluma.

DawaNaHaki:

Shikamoo mzee wangu. Hilo la Dkt. Orr nalibeba. Na Israel nako wapo wa namna hiyo, kuna chama cha Madaktari kwa Haki za Binadamu Israel, kipo tangu 1988, Waisraeli na Wapalestina pamoja, wanapeleka kliniki za kutembea Ukingo wa Magharibi, wanafuatilia madaktari walioko magerezani, na Julai 2025 wakatoa ripoti wakasema wazi kwamba kinachofanyika Gaza ni mauaji ya kimbari. Watu wa nyumbani kwao hao wanawaita wasaliti. Tuwatambue.

Bukavu243:

Mimi niko Bukavu, nawasoma tu kila siku. Wengine hapa watasema mbona mnalia Gaza na Congo hamlilii. Hiyo maneno naijua, na mimi iliniuma kweli. Lakini siitumii kuwafunga watu midomo. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, ile Daktari Mukwege alikuwa mkubwa wake, waliingia wakaua wagonjwa kwenye vitanda na wauguzi wao. Dunia haikufanya kitu. El Fasher pale Sudan Oktoba 2025 hospitali ya wazazi ya Saudi, WHO ilisema zaidi ya watu 460 waliuawa. Kama Lemera ingeliliwa vizuri, pengine wengine wangeogopa. Mimi nataka hospitali yote ilindwe, ya Gaza ikilindwa na ya kwetu inapata nguvu. Muendelee.

Mbagala Rangi3:

Bukavu pole sana ndugu yangu. Mleta uzi nimeelewa, ila sasa mtu kama mimi dereva wa bodaboda au nesi wa Tandahimba anafanya nini? Maana kutuma hela kila mtu anatuma, hela zinakaa Misri malori yamezuiwa.

DawaNaHaki:

Hapo ndo penyewe. Hela tumeni kwa wanaoaminika, haikatazwi, mgonjwa anahitaji dawa leo. Ila Wapalestina wenyewe walishatuonyesha njia. Mwaka 1979 madaktari wachache wa kujitolea, Mustafa Barghouthi akiwemo, walianza kamati za tiba, wanaingia vijijini na kambini wikiendi, wakaanza kufundisha wanawake wa kijiji kuwa wahudumu wa afya, wanapima presha, wanafuatilia wajawazito, bila kusubiri utawala wa kijeshi uwajengee zahanati. Intifada ya kwanza ilipokuja 1987 kijiji kikiwekewa amri ya kutotoka, mhudumu yupo ndani tayari. Kujipanga kule ndo kulikuwa kunamsumbua mkoloni, maana mtu asiyekuhitaji kwa dawa huwezi kumshika kwa dawa.

Kwa hiyo na sisi tujipange kwenye vyama vyetu. Juni 2025 mkutano wa mwaka wa chama cha madaktari Uingereza ulipiga kura kusitisha uhusiano na chama cha madaktari wa Israel. Sisi tuna vyama vya madaktari, vya manesi, vya wafamasia, vina kura kwenye mashirikisho ya dunia na mara nyingi hatujui hata nani anaenda kutupigia. Naandaa rasimu ya barua, ukurasa mmoja tu, iseme: madaktari na manesi wa Kipalestina wanaoshikiliwa bila mashitaka waachiwe na kabla ya hapo waonwe na daktari huru, vibali vya wagonjwa visiwe mikononi mwa jeshi na njia ya kwenda hospitali za Jerusalem Mashariki ifunguliwe, na chama chetu kitamke hadharani kitapiga kura vipi. Dereva wa boda nawe saini yako inaingia, mgonjwa ni wewe kabla ya kuwa mimi.

Mama Naila:

Ongeza vipuri vya mashine na mitungi ya oksijeni, hivyo navyo walikuwa wanazuiwa kwa kisingizio vinaweza kutumika kivita. Nitumie rasimu nikiingia zamu ya usiku nitaipitisha kwa wenzangu wa wodi, tupo tisa.

Upendo_Kilosa:

Na mimi naipeleka kwa umoja wa kina mama kanisani. Iandikwe Kiswahili kwanza, cha Kiingereza kifuate, wengi wetu tusaini kitu tulichokisoma wenyewe.

Mzee wa Masasi:

Mimi macho hayaoni vizuri, mjukuu atanisomea. Wekeni nafasi ya dole gumba.